Wetu Mdokozi, wa Wenzetu Mwizi

Kaeni, wanangu. Sikuwaita niwakaripie, ukali unataka nguvu, nami zangu nilizimalizia kwa baba zenu, niliowaambia haya haya.

Mnasema yule kijana mliyempiga juzi ni mwizi. Alikutwa na kuku, sibishi. Lakini fundi wetu yule, anayepokea saruji ya mwenye nyumba na kuuza mfuko mmoja pembeni, yeye mwamwitaje? Karani anayerudi kwake kila mwisho wa mwezi na karatasi za ofisi je? Na makanga anayekula chenji ya bibi kizee asiyeona vizuri? Hao mwawacheka tu. "Ana udokozi huyo," mwasema, kisha mwamkaribisha kahawa.

Kudokoa ni kwa mtoto anayefunua sufuria na kuchomoa kinofu cha nyama kabla chakula hakijapakuliwa. Mamake humpiga kikofi cha mkono, yakaisha. Sisi jina hilo la jikoni tumewapa watu wazima wenye mishahara, kwa kuwa tunawajua na tunasali nao. Asiyejulikana hapewi. Yeye hupigiwa ukelele wa mwizi, na ukelele huo hapa kwetu huita mawe na mipira ya magari kabla haujamwita polisi.

Basi nendeni mkaitazame Kanuni ya Adhabu ya Kenya, maana mwapenda kunitajia sheria. Kifungu cha 275 kinasema mwizi wa kawaida asifungwe zaidi ya miaka 3. Huyo ndiye mtu wenu wa kuku. Kifungu cha 281 kinamtaja karani au mtumishi anayemwibia mwajiri wake, na yeye aweza kufungwa hadi miaka 7. Mwaona? Yule mnayemnywesha kahawa ndiye sheria inayemwona mbaya zaidi, kwani aliaminiwa. Mwizi wa ng'ombe au mbuzi huweza kufika miaka 14, na hata mbuni yumo katika orodha hiyo ya mifugo. Kuku hayumo. Aliyeandika alijua kupima, japo hilo la mbuni halijawahi kuniingia akilini.

Na tangu mwaka 1998 tuna sheria ya kutumikia jamii: mwenye kosa linalostahili kifungo kisichozidi miaka 3 hakimu aweza kumwamuru afagie soko au azibue mitaro badala ya kumpeleka jela. Hakuna sheria, ya serikali wala ya dini, inayotaja tairi.

Ya dini mwayajua, mmekaa chuoni. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mkono haukatwi kwa mali isiyofika robo dinari, dhahabu ya gramu moja na ushei. Na Sayyidna Umar, mwaka wa ukame mkubwa, aliisimamisha adhabu hiyo, kwa kuwa watu walikuwa na njaa. Hakusema wizi umekuwa halali. Kilicho chini ya robo dinari kingali haramu, kiwe kuku au karatasi, na mwenyewe atakidai. Kilichopungua ni adhabu.

Nanyi pia si wageni wa makosa madogo. Mkichukuliwa usiku kwa kuzurura mwaja kwangu mkilia kuonewa, na mna haki ya kulia: Disemba 2020 Mahakama ya Afrika, iliyoko Arusha, ilisema sheria za uzururaji zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Huruma mnayoitaka kwenu, kwa nini ikauke anapopita kijana asiye na mjomba mtaani?

Siwaambii mwizi aachwe. Mkamateni, mfungeni mikono ikibidi, mpelekeni kituoni, mseme mlichokiona bila kuongeza. Na fundi naye mumwambie mwenye nyumba. Hilo najua hamtalifanya, fundi ni shemeji wa watu.

Kijana yuko hospitalini na mkono umevunjika. Bili yake igawanyeni ninyi mliompiga, na ya kuku nitailipa mimi. Mwanipata hapa barazani baada ya Alasiri. Njooni na pesa, msije na maneno.