Kumtafuta Aliyepona

Mtu akisha kupona maradhi makubwa, je, tabibu ana haki ya kumfuata baada ya miaka thelathini? Zamani swali hili halikuwa zito, kwa kuwa aliyehama mji alipotea. Leo jina likiandikwa katika intaneti, aghalabu mwenyewe huonekana: sura yake, kazi yake na watoto wake.

Katika mwaka wa 1994 ulianza huko Marekani na Kanada uchunguzi wa watu waliougua saratani utotoni. Maradhi yao yalitambuliwa kati ya 1970 na 1986, nao wakaishi miaka mitano au zaidi. Wengi walikuwa wamekwisha kuwa watu wazima. Wasichana walikwisha olewa wakabadili majina, na wazazi waliotoa anwani walikwisha hama. Kuwatafuta kulikuwa na sababu. Mwaka 2006 ilitangazwa kwamba ilipotimu miaka thelathini tangu ugonjwa kutambuliwa, watu kama 73 katika kila 100 walikuwa na angalau maradhi mamoja ya kudumu. Mionzi iliyoelekezwa kifuani ili kumwokoa msichana yaweza kumletea saratani ya matiti ukubwani. Dawa iliyoua uvimbe yaweza kuudhoofisha moyo.

Basi tabibu anajua jambo ambalo mwenye mwili halijui. Tena, asiyepatikana huenda amekufa, au huenda yu mzima wala hataki kukumbushwa. Hesabu iliyofanywa bila yeye hupinda, na hatujui imepindia upande gani.

Lakini idhini ya matibabu ilitolewa na baba na mama, mtoto hakuulizwa. Wako wasiokumbuka kuwa waliugua, na wako ambao hawakuambiwa jina la ugonjwa wao. Neno moja likiachwa mahali pa wazi laweza kumfunulia mwajiri au mchumba habari ambayo mwenyewe hajaisema. Kumwona mtu dirishani si kukaribishwa nyumbani mwake, na katika intaneti wengi wetu tumeacha madirisha wazi kwa kusahau tu.

Kwangu mimi, kutafuta ni halali. Kunena hadharani si halali. Tabibu na abishe hodi kwa faragha, asitaje maradhi katika salamu ya kwanza, na akijibiwa “Sitaki,” aondoke asirudi. Linalonitatiza ni moja: aliyesema “Sitaki” kabla ya kujua alichonacho moyoni, amekataa nini?