Maadili ya Kuteua: Mtu, Alama na Hukumu

1.0 Utangulizi

Suala la kumpima mtu kabla hajawa vile atakavyokuwa ni la kale katika fasihi. Watambaji wa hadithi walilishughulikia zamani, kabla ya kuwako kwa mitihani ya taifa na kompyuta. Hata hivyo, suala hilo limepata sura mpya katika michezo ya kompyuta inayoigiza uendeshaji wa timu. Makala haya yanauchunguza mmojawapo, Out of the Park Baseball, uliotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1999, na hasa ile sehemu yake ambapo mwendeshaji huteua wachezaji wa ridhaa. Besiboli ni mchezo mgeni katika mji kama Oyugis, kaunti ya Homa Bay, ambako mpira maana yake ni kandanda. Ugeni huo una faida: humwezesha mhakiki kuutazama utaratibu wa kuteua bila kupofushwa na ushabiki, kisha kuulinganisha na uteuzi ambao kila mzazi wa Oyugis anaujua, yaani ule wa kuwapeleka watoto katika shule za upili. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kila uteuzi humhukumu mteuzi kabla ya kumhukumu mteuliwa.

2.0 Mtu na Alama

Ndani ya mchezo huo mwendeshaji huletewa orodha ndefu ya vijana wa kubuni. Kila kijana ana jina, umri, nafasi yake uwanjani, na safu mbili za alama: za uwezo alio nao sasa na za uwezo anaotazamiwa kuufikia. Alama hizo aghalabu hutolewa kwa kipimo cha 20 hadi 80, ambacho wasaka vipaji wa Marekani hukitumia pia kwa vijana wa kweli. La kuzingatiwa ni kwamba anachokiona mwendeshaji ni makisio ya msaka vipaji wake. Alama halisi zimefichwa ndani ya programu. Akitaka, anaweza kuuzima usaka vipaji, na hapo pazia huondoka akaziona alama zenyewe.

Mchezo, basi, umejengwa juu ya imani kwamba nyuma ya makisio kuna hakika, na kwamba hakika hiyo ni tarakimu. Tarakimu yaweza kupanda au kushuka kwa bahati na majeraha, lakini kijana hana siri nyingine zaidi yake. Mwanafunzi wa fasihi atamtambua mara moja: ni mhusika bapa. Hana mama, hana hofu, wala hana usiku mmoja uliombadilisha.

Historia ya besiboli yenyewe inaukanusha ubapa huo. Uteuzi wa wachezaji wa ridhaa ulianza mwaka 1965. Mwaka 1966 timu ya New York Mets, iliyokuwa na haki ya kutangulia, ilimchagua Steve Chilcott ikamwacha Reggie Jackson. Chilcott aliumia bega na hakucheza hata mechi moja ya ligi kuu. Jackson akawa miongoni mwa wachezaji mashuhuri kabisa wa karne yake. Mwaka 1988 Mike Piazza aliteuliwa na Los Angeles Dodgers katika raundi ya 62, baada ya vijana 1,389, tena kwa hisani tu, kwa kuwa babake alikuwa rafiki wa kocha wa timu hiyo. Mwaka 2016 aliingizwa katika Jumba la Mashujaa la besiboli. Waliowapima vijana hawa walikuwa wataalamu wenye vipimo. Hapakuwa na kipimo cha bega litakaloumia mwaka ujao, wala cha ukaidi wa kijana aliyeitwa karibu na mwisho.

Yaweza kudaiwa kwamba mchezo ni mchezo, na kwamba kijana wa kubuni haumii. Dai hilo ni kweli. Lakini namna mbili za kuucheza hazilingani kimaadili. Mwendeshaji anayeliacha pazia mahali pake hulazimika kukiri kwamba anaweza kukosea, na kwa hiyo kuteua kwake ni kitendo cha hiari chenye dhima. Anayeliondoa pazia hupata ushindi mwingi zaidi, ilhali hateui tena: anapanga tarakimu kutoka kubwa hadi ndogo. Unyenyekevu wa mteuzi, basi, si pambo. Ndio unaoufanya uteuzi uwe uteuzi.

3.0 Nani Atangulie?

Besiboli ya Marekani ina kanuni yenye uzito wa kimaadili: timu zilizofanya vibaya msimu uliopita ndizo hutangulia kuchagua. Kanuni hii inakaribiana na wazo la mwanafalsafa John Rawls katika A Theory of Justice (1971), kwamba tofauti baina ya watu huhalalishwa pale tu zinapomnufaisha aliye chini kabisa. Hata hivyo, kanuni njema haimfanyi mtu kuwa mwema. Hofu kwamba timu zingejitakia kushindwa ili zipate nafasi ya kwanza ilichangia kuletwa kwa kura ya bahati nasibu kuanzia uteuzi wa 2023.

Nchini Kenya mpangilio ulikuwa kinyume. Katika enzi ya mtihani wa KCPE, uliofanywa kuanzia 1985 hadi 2023, shule za kitaifa ndizo zilizotangulia, zikafuatwa na zile za ngazi zilizo chini yake, hadi kufikia shule za kutwa za vijijini. Mtoto wa Oyugis aliyepata alama za juu sana aliweza kwenda Maseno. Mwingine aliingia Agoro Sare, iliyomo mjini humo. Mwingine alibaki katika shule ya kutwa iliyo karibu na kwao. Mwenye nguvu ndiye aliyechagua kwanza. Kisha matokeo yalipotangazwa, shule ya kutwa ililaumiwa kwa kushindwa kufanya vizuri na wanafunzi ambao wengine walikwisha kuwapita.

Hata hivyo, si haki kuusifu utaratibu wa Marekani bila kuuliza: ni haki kwa nani? Unazilinda timu dhaifu, lakini kijana hachagui aende wapi. Mtahiniwa wa KCPE angalau aliorodhesha shule alizozitaka. Aidha, uteuzi wa besiboli huwahusu wakazi wa Marekani na maeneo yake, pamoja na Kanada. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya Little League; na mwaka 2022 Dodgers waliwasajili Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male, kwa mkataba wa nje ya uteuzi. Kijana wa Afrika Mashariki hata nafasi ya mwisho katika orodha hiyo hana.

Swali hili halikufa pamoja na KCPE. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10 Januari 2026. Majina ya mitihani na madaraja ya shule yamebadilika. Kumpanga mtoto kwa alama kungaliko.

4.0 Bibi Kizee wa Simbi

Karibu na Kendu Bay, katika eneo hilohilo la Rachuonyo lenye Oyugis, lipo ziwa dogo la magadi liitwalo Simbi Nyaima. Masimulizi ya Waluo yanaeleza kwamba palikuwa na kijiji. Usiku mmoja, watu wakiwa katika sherehe, alifika bibi kizee mchovu akiomba hifadhi. Wakamtazama, wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyempokea. Bibi akamwonya aondoke na mumewe. Mvua ikanyesha, kijiji kikazama.

Aghalabu hadithi hii husomwa kama funzo la ukarimu, na ndivyo ilivyo: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ikisomwa kwa jicho la makala haya, inafichua jambo jingine. Wanakijiji walidhani wao ndio wapimaji. Walimpa mgeni alama kwa matambara yake na uzee wake, kumbe wao ndio waliokuwa katika mtihani. Mwanamke aliyeokoka hakuwa na kipimo bora kuliko chao, wala hakujua bibi ni nani. Alimpokea bila kujua, na hapo ndipo ilipo thamani ya kitendo chake.

5.0 Hitimisho

Makala haya hayapendekezi kwamba uteuzi ukomeshwe. Nafasi ni chache na lazima mtu achague. Yanadai tu kwamba mteuzi ana deni kwa asiyeteuliwa. Katika mchezo wa kompyuta deni hilo halipo: raundi zikiisha, majina yaliyobaki hayamdai mwendeshaji neno. Oyugis si hivyo. Asiyeteuliwa hubaki mjini: yuko kituoni na bodaboda yake, au sokoni nyuma ya rundo la njugu, na asubuhi mwalimu aliyemsomea alama zake hupita hapo akiamkuliwa kwa heshima. Namna mwalimu huyo anavyoijibu salamu hiyo ni sehemu ya uteuzi wake.