Shahada ya Afya ya Umma kwa Njia ya Mtandao: Je, Inatosha Kubeba Amana?



Ndugu msomaji, kila mwaka wenzetu wanaomaliza uuguzi, udaktari, maabara na takwimu hujiuliza kama wajiandikishe kusoma shahada ya uzamili ya afya ya umma kwa njia ya mtandao. Mjadala ukizuka hosteli au baada ya darsa, huzunguka mambo mawili: ada ni kiasi gani, na je, waajiri wataitambua shahada hiyo? Hayo ni maswali ya haki. Lakini lipo la tatu, nalo ni la maadili. Je, mtu aliyeisoma fani hii peke yake mbele ya skrini, bila kukaa miguuni pa mwalimu, ana haki ya kusimama mbele ya watu na kuwaelekeza namna ya kuishi na hata namna ya kuwazika maiti wao?

Swali hili lina uzito kwa sababu ya fani yenyewe. Daktari hukabiliana na mgonjwa mmoja, na mgonjwa asiporidhika huenda kwa mwingine. Mtu wa afya ya umma huamua mambo ya watu ambao hatawaona maishani mwake, na wao hawatajua jina lake. Kosa lake halipigi kelele. Chukua mfano wa surua. Ili ugonjwa huu usienee, takriban watoto 95 kati ya 100 wanatakiwa wawe na kinga. Tuseme wilaya imechanja watoto 960, na kwenye karatasi za ofisi imeandikwa kwamba watoto wote ni 1,000. Hiyo ni asilimia 96, na afisa anaandika ripoti ya furaha. Lakini kama familia za wakimbizi zimeingia na watoto sasa ni 1,300, waliochanjwa hawafiki hata asilimia 74. Hakuna aliyesema uongo. Ni kwamba afisa hakuuliza idadi ya chini ilitoka wapi. Mlipuko ukija, mama anayemzika mwanawe hatamjua aliyekosea hesabu.

Kwa hiyo wanaoitilia shaka shahada ya mtandaoni wana hoja. Hutukumbusha kwamba elimu katika mapokeo yetu hupokewa uso kwa uso, na kwamba Jabir bin Abdillah (r.a.) alisafiri mwezi mzima hadi Sham kwa ajili ya hadithi moja tu, aisikie kwa aliyeisikia. Vipi leo mtu apate elimu ya roho za watu akiwa kitandani, simu mkononi?

Hoja hiyo ni nzuri, ila imeacha nusu ya habari. Wanavyuoni hao hao waliozithamini safari walikaa wakapanga njia ambazo elimu hufika kwa mtu. Ibn al-Salah, aliyefariki mwaka 643 Hijria, alizitaja njia nane za kupokea hadithi. Ya kwanza ni kusikia kutoka kinywani mwa mwalimu. Lakini imo pia mukataba, yaani mwalimu kumwandikia mwanafunzi aliye mbali, na riwaya za namna hiyo zimo hata katika vitabu vya Bukhari na Muslim. Ya mwisho na dhaifu kuliko zote ni wijada, yaani mtu kukuta maandishi na kuyasoma bila mwenyewe kumruhusu. Ina maana umbali haukuwafanya waikatae elimu. Waliipima njia, wakaipa kila njia daraja yake.

Dunia nayo imepita huko. Chuo Kikuu cha London kilianza kuwatahini wanafunzi walio mbali tangu mwaka 1858. Nelson Mandela alipata shahada yake ya sheria kutoka Chuo Kikuu cha Afrika Kusini mwaka 1989, akiwa bado mfungwa. Sijasikia mtu akisema kwamba sheria aliyoisoma nyuma ya kuta haikuwa sheria.

Basi wanavyuoni walikuwa wakali juu ya nini, kama si umbali? Walikuwa wakali juu ya kuficha njia. Aliyesikia kwa masikio yake alitumia tamko la kusikia, na aliyeandikiwa barua alitakiwa aseme kwamba ameandikiwa. Aliyetumia maneno ya kuwafanya watu wadhani amesikia, ilhali hakusikia, aliitwa mudallis, na jina hilo lilimfuata hadi kaburini na baada ya kaburi. Shu'ba bin al-Hajjaj ni mmoja wa waliolichukia jambo hilo kupita kiasi. Hata maneno yakiwa sahihi, tadlisi ilibaki kuwa aibu, kwa sababu msikilizaji amenyimwa haki ya kupima anachopewa.

Naona hapa ndipo penye jibu letu. Mwanafunzi wa mtandaoni hana dosari kwa kuwa alisomea mbali. Dosari huingia anapojionyesha kuwa anacho kile ambacho njia yake haikumpa.

Tuseme wazi njia hii inatoa nini. Masomo makuu ya shahada hii ni epidemiolojia, takwimu, afya ya mazingira, sera na uongozi wa huduma za afya, na sayansi ya jamii na tabia. Takwimu na epidemiolojia hufundishika vizuri kwa mbali. Mtu anaweza kurudia somo la mwalimu mara tano usiku, akafanya hesabu hadi zikamkaa, jambo ambalo katika ukumbi wa watu 200 halipatikani. Lakini kuaminiwa na watu hakufundishwi kwa video. Namna ya kuketi na wazee wa msikiti, kunyamaza mjane anapolia, kujua kwamba “ndiyo” ya mwenyekiti wa kijiji wakati mwingine ni adabu tu na si kukubali: hayo yana njia moja, nayo ni kwenda.

Mfano tunao nchini Uganda. Tarehe 20 Septemba 2022 Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko wa Ebola, aina ya Sudan, uliogunduliwa Mubende. Ulipotangazwa kumalizika tarehe 11 Januari 2023, wagonjwa 142 walikuwa wamethibitishwa, na 55 kati yao walikuwa wamefariki. Katika wilaya jirani ya Kassanda, maiti iliyokwisha kuzikwa na timu ya wataalamu ilifukuliwa na watu wake ili ifanyiwe ibada za mazishi, na ugonjwa ukaenea kwa waliohusika. Tusiharakishe kuwalaumu. Waliona ndugu yao Mwislamu amezikwa bila kuoshwa, na kuosha maiti ni haki yake juu yetu.

Cha kusikitisha ni kwamba ufumbuzi ulikuwepo kwenye maandishi. Tangu mwaka 2014, wakati wa Ebola ya Afrika Magharibi, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limetoa mwongozo wa mazishi salama na yenye heshima, na kwa maiti wa Kiislamu mwongozo huo unaruhusu tayamamu na sanda. Anayesoma afya ya umma mtandaoni anaweza kuupata mwongozo huo kwa dakika moja. Lakini karatasi haifiki yenyewe kaburini. Anahitajika mtu anayeijua karatasi na anayejulikana na watu, aseme kabla jeneza halijafungwa: “Wazee wangu, haki ya ndugu yetu haikupotea, njooni tuone itakavyotimizwa.”

Tukilitazama jambo hivi, neno “mbali” linageuka. Mwanafunzi wa mtandaoni yuko mbali na nani? Yuko mbali na mwalimu, ni kweli. Lakini muuguzi anayesoma akiwa Arua, Soroti au Mubende, anayeingia zamu asubuhi na kufungua somo baada ya Isha, yuko karibu na watu kuliko mwenzake aliyekaa miaka miwili katika jengo la chuo mjini. Na mtu asidhani kwamba kukaa darasani ni dawa: wapo waliosoma uso kwa uso na bado hawajui maji ya kijiji chao yanatoka wapi.

Imam Ghazali, katika Ihya, aliihesabu tiba kuwa ni fardhi kifaya, akalalamika kwamba watu hukimbilia fani zenye cheo huku miji ikikosa matabibu. Ikiwa muuguzi pekee wa wodi ataondoka ili akasome, huenda fardhi moja ikajengwa kwa kuibomoa nyingine. Dada mwenye mtoto anayenyonya, au kaka anayelisha wadogo zake, hapaswi kuambiwa achague kati ya elimu na wale walio chini ya dhima yake. Kwao mtandao haukuwa njia ya mkato. Ndiyo njia waliyofunguliwa.

Lakini njia hii ina mtihani wake, nao ni upweke. Kazi za kuandika hufanywa pasipo msimamizi. Leo kuna wanaolipwa kuwaandikia wengine, na kuna programu za akili mnemba zinazotoa kurasa kumi kabla chai haijapoa. Mwenye kununua kazi hajamdanganya mwalimu peke yake. Amechukua nafasi ya kusimamia chanjo za watoto huku hajui kuuliza ile idadi ya chini ilitoka wapi. Hiyo ndiyo tadlisi ya zama zetu, na anayeilipa ni mtoto. Sisi tunaofundishwa kumwabudu Mwenyezi Mungu kana kwamba tunamwona, hatukupaswa kungoja kamera ituchunge.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la mwanzo ni ndiyo, haki anayo, kwa sharti kwamba ayajue mapengo ya njia yake na ayazibe kwa miguu yake. Akiwa na shahada mkononi, akae na wahudumu wa afya ya jamii, aende na timu ya chanjo, amsikilize imamu na mkunga wa jadi. Akiulizwa asilolijua, aseme silijui. Omar (r.a.) alipofika Sargh na kusikia tauni imeingia Sham, aliwashauri Muhajirina, Ansari na wazee wa Kikureshi kabla ya kuamua kurudi. Kisha akatokea Abdurrahman bin Auf, aliyekuwa ameondoka kwa haja yake, akasema analo alilolisikia kwa Mtume (s.a.w.) juu ya jambo hilo. Khalifa mwenye mamlaka yote aliuliza, na mwenye elimu alitaja alikoipata. Hatuhitaji adabu nyingine zaidi ya hiyo.

Wabillahi tawfiq.