Aliyenunua na Aliyetengeneza

Mtu aliyenunua kazi ya mwenzake kwa fedha halali, je, ana haki ya kuiangamiza? Swali hili hunijia kila nimkumbukapo Thorold Dickinson, mwandishi na mwongozaji wa sinema wa Kiingereza, aliyezaliwa Bristol mwaka 1903 na kufariki 1984.

Mwaka 1940 aliongoza Gaslight, sinema iliyotokana na tamthilia ya Patrick Hamilton. Mume hupanda kisiri orofa ya juu usiku kutafuta vito vya bibi aliyeuawa. Akiwasha taa kule, taa ya gesi chumbani kwa mkewe hufifia. Mke anaiona ikififia. Mume anamwambia kuwa akili zinamruka. Humfichia vitu, kisha humsingizia kwamba ndiye aliyevipoteza.

Kampuni ya MGM ya Marekani ikanunua haki na kutoa sinema yake mwaka 1944, ikiongozwa na George Cukor, na Ingrid Bergman akapata Oscar. Hapo sina ugomvi. Hadithi nzuri husimuliwa hata mara kumi. Lakini kampuni hiyo ilitaka pia nakala za sinema ya kwanza ziteketezwe, watu wasiwe na cha kulinganisha. Bahati njema hazikuisha zote.

Rafiki yangu mmoja mwanasheria hunicheka. Husema Dickinson alilipwa ujira wake, basi, yamekwisha. Mtu akinunua kiti akakichanja kuni, seremala atamshitaki kwa lipi? Kisheria amenishinda. Ila seremala aweza kuunda kiti kingine, na uso wa Anton Walbrook chini ya taa ile ya mwaka 1940 haupigwi picha tena. Tena deni lenyewe si la Dickinson peke yake. Aliyeitazama sinema ile, nakala zote zikishaungua, atasema "niliiona" na hatakuwa na ushahidi wowote. Atakuwa kama yule mke.

Baadaye Dickinson alitengeneza The Queen of Spades (1949) na Secret People (1952), kisha akageukia kufundisha sinema London, akawa profesa mwaka 1967.

Lakini kuna kazi yake moja inayonipa taabu. Men of Two Worlds, ya mwaka 1946, sehemu yake ilipigwa Tanganyika. Msomi Mwafrika anarudi kutoka Uingereza kusaidia kuwahamisha wanakijiji, kwa sababu ya mbung'o na malale, na mganga anampinga. Msomi yule aliigizwa na Robert Adams, mtu wa Guyana, na busara nyingi amepewa mkuu wa wilaya Mzungu. Kutetea sinema uipendayo ni rahisi. Hii siipendi, na mtu akiniletea kiberiti nitamnyang'anya, kwa kuwa nataka wajukuu waone kwa macho yao jinsi tulivyotazamwa.