Angalia Inachotoa, Mwanangu

Mwanangu, nimesikia umepata kazi ya kumalizia nyumba, marumaru, skimu na jipsamu yote, na kwamba unataka kununua vakyumu ya saiti ili tajiri asikulalamikie vumbi. Nimefurahi. Wenzako wengi bado wanafagia simenti kavu kwa ufagio wa chelewa. Vumbi linapanda darini, halafu linawashukia vifuani. Lakini kabla hujafika Kariakoo na hizo hela, keti kwanza unisikilize.

Usinunue ile ya mazulia. Nakuomba sana, usinunue.

Ile imetengenezwa kwa ajili ya nywele, makombo na mchanga wa viatu. Nyingi katika hizo, upepo unaofyonzwa ndio huohuo unaopita kwenye mota kuipoza. Ukiilisha unga wa skimu, unga unapenya mfuko na kwenda moja kwa moja kwenye mota. Juzi kijana wa mtaani aliniletea yake, imeungua. Nilipofungua, nyaya za shaba hazikuonekana, zimezikwa kwenye unga mweupe ulioshindiliwa. Kaboni zimelika hadi karibu na springi. Nikazungusha beringi kwa kidole, ikakwaruza. Mashine yenyewe ilikuwa bado ina stika ya dukani.

Abanaye bei ya mfuko hulipa bei ya mota. Tafuta ile ya saiti, ambayo mota yake inapozwa na upepo wa njia nyingine, si upepo wenye uchafu.

Hata hivyo, mwanangu, mota hainikoseshi usingizi. Mota inauzwa dukani. Kinachonikosesha usingizi ni upepo unaotoka nyuma ya mashine.

Nyinyi vijana mkifika dukani mnatazama inavyovuta. Muuzaji anamwaga mchanga sakafuni, mashine inaumeza, mnapiga makofi. Mchanga si adui yako. Adui ni zile chembe zilizo chini ya mikroni 10, na hasa za mikroni 4 kushuka chini, ambazo hufika mwisho kabisa wa pafu. Unywele wako una unene wa mikroni 70 hivi, kwa hiyo usitegemee kuziona kwa mwanga wa kawaida. Mashine mbovu inazifyonza sakafuni na kuzitema hewani, zinaelea kwa saa nyingi, na wewe unavua barakoa ukidhani kazi imekwisha.

Vumbi uonalo, utaoga. Vumbi usiloliona, utaoshwa.

Jipsamu na skimu zinakera kifua, lakini hofu yangu kubwa ni silika. Imo kwenye mchanga, zege, matofali, vigae na granite. Ukipitisha grenda ukutani kutengeneza njia ya paipu za umeme, unaiachia. Ikifika ndani inaacha makovu kwenye pafu, na makovu hayo hayaondoki kwa dawa wala kwa maziwa mnayokunywa jioni mkidhani yanasafisha kifua. Pafu lililoharibika hivyo hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Saratani nayo imo: tangu 1997 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameiweka silika ya namna hii kwenye kundi la vitu vinavyoisababisha kwa binadamu.

Rafiki yangu niliyeanza naye kazi hii ya saiti alikuwa na mkono wa dhahabu kwa grenda. Siku hizi akitoka chumbani kwenda msalani anapumzika mara mbili njiani. Ni mdogo kwangu. Usinifanye nije kukutazama wewe hivyo.

Wala usidhani haya ni ya wazee tu. Australia ilipiga marufuku mawe ya kutengenezwa ya kaunta za jikoni, yale yenye silika nyingi, kuanzia tarehe 1 Julai 2024, kwa sababu wakataji wake walikuwa wanaugua wakiwa bado vijana. Mawe ya aina hiyo hata huku kwetu wenye pesa wanayaagiza, na atakayeitwa kuyakata ni wewe.

Sasa sikiliza namna ya kuchagua. Mashine za saiti zilizotengenezwa kwa viwango vya Ulaya zina herufi kwenye vibati vyake: L, M au H. Chukulia mfuko wa simenti wa kilo 50 umepita wote kwenye mashine. Ya L inaruhusiwa kupitisha hadi nusu kilo nyuma. Ya M, gramu 50. Ya H, gramu mbili na nusu tu. Kwa zege, vigae na matofali, tafuta M, usishuke hapo. Ya M pia hupiga kelele upepo ukipungua kwenye mpira, ili ujue filta imeziba. Kelele hiyo iheshimu, usiizibe kwa gundi kama nilivyoona wengine wakifanya.

Asbesto ya paa kuukuu usiiguse, hata ukiwa na H. Waachie wenye kibali na vifaa. Hata ukiongezewa hela, mwanangu, ikatae.

Usidanganywe na wati. Wati nyingi ni hesabu ya Luku, hazikuambii filta ikoje. Na ile mitumba kutoka Japani ni ya volti 100. Umeme wetu ni 230. Ukichomeka bila transfoma, umeiaga.

Uliza bei ya mifuko na filta kabla ya kuuliza bei ya mashine. Kama muuzaji hana akiba yake, ondoka. Najua mtakachofanya zikikosekana: mtakung'uta filta ukutani mpaka karatasi ichanike, na vumbi mlilolikusanya asubuhi mtalila mchana. Ukipata mashine yenye soketi ya kuchomekea grenda, ili ziwake pamoja, ongeza hela uichukue. Ukitaka ifyonze maji, kwanza soma kama inakubali na kama filta ya karatasi inatolewa, maana simenti ikilowa humo ndani inaganda.

Na bado vaa barakoa, ile inayokaza usoni, si kitambaa. Na usipulize nguo kwa kompresa jioni. Zifyonze kwa hiyohiyo mashine, kisha uende nyumbani. Mtoto wako anakukimbilia mlangoni na kukukumbatia. Usimpe vumbi la saiti.

Najua ya M ni ghali. Changeni watatu, au iweke kwenye makadirio ya kazi, tajiri alipe. Nyumba ni yake na vumbi ni lake.

Ukienda dukani, nenda na simenti kidogo kwenye kopo. Mwambie muuzaji afunge mfuko na filta za mashine, azime taa, afyonze hiyo simenti, nawe umulike tochi ya simu pale upepo unapotokea. Ukiona unga unapita kwenye mwanga, rudisha hela mfukoni na uende duka la pili. Akikukatalia kujaribu, nenda la tatu.