Makofi ya Mzee

Mzee anapoimba, sauti ikamkatika, nasi tukampigia makofi, je, tunampigia kwa alichokiimba au kwa kuwa ni mzee? Swali hili hunijia kila nisikilizapo albamu za mwisho za Johnny Cash, mwimbaji wa muziki wa kantri wa Marekani aliyezaliwa Arkansas mwaka 1932.

Kampuni ya Columbia, aliyoirekodia kwa karibu miaka thelathini, ilimwacha mwaka 1986. Nyingine ikamchukua, lakini mambo hayakutengemaa. Redio za kantri zilikwisha kupata vijana wao. Ndipo akatokea Rick Rubin, mtayarishaji wa muziki wa rap na wa roki nzito, ambaye kwa umri angeweza kuwa mwanawe. Rubin alimketisha sebuleni kwake Los Angeles, akamwacha aimbe nyimbo alizozipenda mwenyewe. Bendi hapakuwa, waitikiaji hapakuwa. Ni mzee na gitaa lake. *American Recordings* ilitoka mwaka 1994, wahakiki wakaisifu, ikapata tuzo ya Grammy, tena katika fungu la muziki wa folk wala si la kantri. Redio za kantri zilinyamaza.

Wengi huwalaumu wenye redio hao. Mimi lawama yangu ina mpaka. Mtu akiisikiliza kazi yako, kisha akaikataa, amekuheshimu. Amekupima kama anavyowapima wengine. Kosa ni kumkataa mtu kwa mvi zake kabla hajafungua kinywa. Na hapo, msomaji wangu, ndipo ninapoona kwamba anayemsifu mzee kwa mvi zake naye hana tofauti kubwa na yule aliyemkataa. Wote wawili hawakusikiliza.

Cash mwenyewe hakuomba huruma. Albamu iliyofuata, *Unchained*, ilipopata Grammy ya kantri mwaka 1998, lilitolewa tangazo katika gazeti la Billboard, lenye picha yake ya zamani akionyesha kidole cha matusi, na chini yake shukrani kwa redio za kantri kwa msaada wao. Wapo watakaosema haikumfaa mtu mzima. Labda, lakini mtu anayetukana bado yumo mchezoni.

Ugumu ulikuja na wimbo "Hurt" wa mwaka 2002, uliotungwa na Trent Reznor akiwa kijana bado. Filamu yake inaonyesha mikono inayotetemeka na mkewe, June Carter, akimtazama. June alifariki Mei 2003, Cash akamfuata Septemba. Nani atatazama hayo asilegee moyo? Kwa hiyo mimi huufunga uso wa televisheni, nikabaki na sauti. Bado inasimama. Pumzi fupi inamlazimisha kukata maneno, naye anayakata pale panapouma. Kijana mwenye mapafu mazima angepita mbio.

Albamu ya tano, iliyotoka mwaka 2006 akiwa kaburini, ilishika nafasi ya kwanza Marekani, nafasi ambayo hakuwa ameipata tangu mwaka 1969. Ilinunuliwa sana, na katika kununua huko naona matanga yamo. Sauti imechoka hasa. Nimeisikiliza yote zaidi ya mara moja. Ninazozirudia ni nyimbo mbili tatu.