Konokono wa Moorea na Dhamiri Yetu

Mtu akikanyaga konokono njiani, haendi kuungama, wala sisi hatusemi kwamba imempasa. Lakini watu wakimaliza ukoo mzima wa konokono, asibaki hata mmoja porini, je, hilo nalo ni jambo dogo? Twawaomba wasomaji wetu walifikiri swali hili pamoja nasi.

Mbali sana, katika bahari kuu ya Pasifiki, kuna kisiwa kiitwacho Moorea, jirani na Tahiti. Msituni mwake waliishi tangu zamani konokono wadogo waitwao Partula. Mmoja wa koo zao, Partula tohiveana, hana kwao kwingine duniani ila milima ya kisiwa hicho. Konokono hawa ni wadogo kama ukucha wa kidole. Hukaa chini ya majani, hula majani yaliyooza na ukungu, hawaharibu shamba la mtu. Hawatagi mayai, huzaa mtoto mmoja mmoja, polepole. Watu wa visiwa vile walitunga makombe yao kuwa mikufu.

Mwaka 1967 watu walileta Tahiti konokono mkubwa, ambaye asili yake ni Afrika ya Mashariki. Walitaka kumla. Yeye akaenea, akala bustani zao. Basi wakatafuta dawa: mwaka 1974 wakaleta Tahiti konokono mwingine kutoka Marekani, mwindaji, ambaye hufuata ute wa wenzake hata awapate na kuwala. Mwaka 1977 wakampeleka Moorea. Kumbe mwindaji yule aliona wale wadogo ni chakula rahisi kuliko yule mkubwa. Miaka kumi tu ilipita. Mwaka 1987 Partula hawakuonekana tena katika misitu ya Moorea. Na bustani hazikuponywa.

Je, watu wale walitenda dhambi? Hatuwahukumu. Hawakuchukia kiumbe cho chote. Walitaka kuwasaidia wakulima. Lakini hapa ndipo penye fundisho. Nia njema peke yake haitoshi. Kanisa latufundisha kwamba busara ni fadhila, tena ndiyo inayoongoza fadhila nyingine. Mwenye busara hasemi tu: «Nataka mema.» Huuliza pia: «Na kesho itakuwaje? Nani ataumia ambaye sikumfikiri?»

Mtu atasema: «Konokono huyo ana faida gani? Watoto wetu wana njaa, nanyi mwatuletea habari za konokono!» Neno hilo lina ukweli wake. Mtoto mmoja ni bora kuliko konokono wote wa dunia, kwa maana ana roho isiyokufa. Lakini tutazame vizuri: huko Moorea hakuna mtoto aliyeshiba kwa sababu Partula walikwisha. Mara nyingi twasema «hakina faida» kabla ya kujisumbua kuuliza.

Tena, ni nani aliyetuambia kwamba faida yetu ndiyo kipimo cha kila kitu? Kitabu cha Mwanzo chasema kwamba Mungu aliona viumbe vyake kuwa vyema hata kabla hajamwumba mtu wa kuvitumia. Noe hakuagizwa kuchagua wanyama wa faida na kuwaacha wengine nje ya safina. Naye Mtakatifu Toma wa Akwino alifundisha kwamba kiumbe kimoja hakiwezi kuonyesha wema wote wa Mungu. Ndiyo sababu aliumba vingi, vya namna mbalimbali. Basi, akiisha kupotea mmoja, tumefuta alama moja ya wema huo, wala hatuna uwezo wa kuiandika tena. Mwaka 2015 Papa Fransisko, katika barua yake Laudato Si', alitukumbusha kwamba haki hiyo hatuna.

Lakini habari haikuishia hapo. Kabla ya mwisho, wataalamu walichukua Partula wachache waliobaki, wakawafuga katika bustani za wanyama, huko London na kwingine. Ukoo mmoja, Partula turgida, ulikwisha kabisa mwaka 1996, mmoja wa mwisho alipokufa. Wengine waliongezeka. Tangu mwaka 2015 maelfu wamerudishwa visiwani, kila mmoja na alama ndogo ya rangi katika kombe lake. Na mwaka 2024 huko Moorea wakaonekana Partula tohiveana wakubwa wasio na alama: ndiyo kusema, wamezaliwa kwao wenyewe msituni. Hatari haijaisha, lakini kazi ya subira imezaa tunda.

Sisi nasi tusidhani kwamba mambo haya ni ya wageni wa mbali. Ziwa letu la Tanganyika lina samaki na konokono wa majini wasiopatikana po pote pengine. Waliwekwa mikononi mwa nani, kama si mikononi mwetu? Basi, jioni tunapochunguza dhamiri zetu, tujiulize pia: leo nimeharibu nini kwa haraka, bila kufikiri? Mungu atujalie busara kabla ya tendo, na moyo wa kutengeneza tulichokwisha kuharibu.